Chuma Kilichopita Motoni

Ninyi watatu mliobaki labo, maabara yetu ya kupimia chuma, kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie namna ya kuwasha mashini. Hilo nimelibandika ukutani juu ya swichi kwa herufi kubwa, mtalisoma siku mtakayokosa la kusoma. Hapa nawaandikia yale ambayo ukuta hauwezi kuyabeba. Huu ni mwezi wangu wa pili wa kupumzika. Bado naamka kabla ya adhana, nakaa barazani na chai yangu, nikingoja maji yatulie ili tuanze kupima, halafu nakumbuka kwamba hakuna maji yanayoningoja popote. Binti yangu Zaina anasema nimeanza kuwa mtu wa ndoto. Namwambia sikuanza leo, ila zamani ndoto zangu zilikuwa na saa za kazi.

Nilianza na maji. Siku ile ya kwanza mvua ilikuwa inapiga Kasongo nzima, nami nilifika mlangoni nimelowa chapachapa, diploma yangu ya shule nimeifunga ndani ya plastiki. Mkubwa wa labo, Chef Kalonda, Mbangubangu wa Kabambare, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, hakuitazama diploma. Alinipa kibomba cha kioo cha kudondoshea maji, akaweka sarafu ya zamani mezani.

"Weka tone moja juu ya hii franga," alisema. "Ongeza. Ongeza tena. Isimwangike."

Tone juu ya tone, mpaka maji yakasimama juu ya sarafu kama kilima kidogo kinachong'aa, na sisi wawili tumeshika pumzi tukikitazama. Akainua kichwa.

"Mukono yako haitetemeke. Basi, kuja kesho. Na ile mvua inaanguka inje, anza kukinga."

Kwa hiyo mwezi mzima kazi yangu ilikuwa kukinga mvua, kuichuja, kuichemsha, kuipoza na kuitia katika chupa. Mashini yenyewe niliijua kwa shuka lililoifunika tu. Nyumbani walipouliza nimeandikwa kazi gani, nikasema nachemsha maji. Mama yangu akauliza kama hayo ndiyo niliyoyasomea miaka yote ile.

Chef alikuwa amesoma Ulaya, na chuo chake kilipotaka kuitupa mashini yao iliyozeeka, yeye akaiomba. Ilikuja kwa ndege mpaka Kindu, kisha kwa kamyo, lori la mizigo, katika masanduku manne yaliyoandikwa pande zote kwamba yasipinduliwe. Matatu yalifika yamepinduliwa. La nne lilifika sawasawa, na hilo ndilo lililokutwa limevunjika ndani. Alichukua mwaka mzima kuiunganisha upya katika kile chumba chetu nyuma ya shule ya ufundi, kwanza na jenereta, baadaye na sahani za jua. Nilipofika mimi ilikuwa inafanya kazi, isipokuwa siku isipotaka.

Niwaeleze inavyopima kama alivyonieleza yeye, kwa kuwa sijasikia maelezo mazuri kuliko yale. Hadubini ya kawaida hutazama kwa mwanga. Hii yetu hutazama kwa sauti. Ni sauti nyembamba mno, hakuna sikio la mtu wala la popo linaloipata. Inatoka kwenye kijiti cha yakuti chenye kishimo nchani, kidogo kuliko punje ya ulezi, inapita katika tone la maji, inafika kwenye chuma. Nyingine inarudi papo hapo. Nyingine inakimbia kwanza juu ya ngozi ya chuma ndipo irudi, imechelewa. Ukikishusha kijiti polepole, zile sauti mbili zinakutana, mara zinasaidiana, mara zinazimana, na kwenye skrini unaona milima na mabonde. Umbali wa bonde hadi bonde ndio unaokuambia sauti imekimbia kwa mwendo gani. Na chuma kilichobebeshwa kupita kiasi, sauti haikimbii juu yake sawa na chuma kilichopumzika. Tofauti ni ndogo, ndogo ya kukukosesha raha.

"Chuma iko na unyumbufu," Chef alisema. "Unaivuta, inakubali. Unaiacha, inarudi. Lakini ukiipitisha kipimo hairudi yote. Kuna mukazo inabakia ndani, hata ukiilaza hapa juu ya meza. Ile ndiyo tunatafuta."

Asubuhi zile za kwanza mbele ya skrini sizisahau. Nje ukungu umelala juu ya mabati, misikiti imemaliza, kengele za shule bado. Picha ilitokea mstari kwa mstari, taratibu, kama mkeka unaosukwa: chembe za chuma, hii nyeupe, hii ya kijivu, zimepakana kama mashamba ukiwa juu ya mlima. Nilihisi natembea humo, katika nchi ile ya kijivu isiyo na mtu wala kelele, na miguu yangu haigusi chini. Nilipenda kule. Wallahi nilipenda mno. Chef alinigonga begani na kalamu yake ya bic.

"Mama, unasinzia?"

"Hapana Chef, natazama."

"Tazama, lakini andika pia."

Kosa langu la kwanza lilitoka kwenye maji yale yale niliyoyachemsha. Nilipima kipande kimoja tangu alfajiri hadi adhuhuri, na kila saa kilitoa jibu jingine. Nikamkimbilia uani. "Chef, ile chuma inabadilika! Asubuhi ilikuwa vingine, sasa iko vingine!" Akaja, akachovya kidole ndani ya chupa yangu, akacheka mpaka miwani ikaanguka na uzi wake. "Chuma imelala, mama. Ni maji yako ndiyo ilipata joto." Sauti hukimbia zaidi katika maji ya moto kuliko katika maji baridi, na jua la Kasongo halimwonei mtu haya. Tangu siku hiyo tukapima alfajiri tu, na ninyi mnaolalamika kuamka mapema mjue ni mimi niliyewaponza.

Watu walituletea kila kitu: kebo ya kivuko, springi za kamyo, majembe yaliyovunjika kabla ya kugusa udongo. Mchimbaji mmoja wa Salamabila alikuja kwa pikipiki, hizi tunazoziita moto, siku nzima njiani, amefunga jiwe ndani ya soksi. Alitaka tumwambie kama ndani kuna dhahabu. Nikamwambia mashini yetu inapima mkazo. "Sawa mama," akasema, "pima basi mukazo ya dhahabu." Tukapima. Jiwe lilikuwa jiwe. Alilirudisha ndani ya soksi, kisha akauliza ile yakuti ya nchani tunaiuza namna gani.

Halafu kuna daftari. Lile la jalada jekundu, lenye kichwa "Safari ya chuma", ambalo mmeanza kulijaza kwa haraka haraka; msidhani sikuona. Chef hakukubali kipande kiguse meza kabla hakijaandikwa humo: kimetoka wapi, nani amekitoa, kimepita mikononi mwa nani, kimefanyiwa nini. "Mashini inakuambia chuma iko namna gani," alisema. "Haikuambii ilikuwaje mpaka ikawa vile. Ile, uliza watu." Nilimwona akimrudisha mteja safari ya siku mbili kwa sababu hakujua nani alikishika kipande chake kabla yake. Moyoni nilisema mzee huyu ana wasiwasi.

Vita vilipofika kwetu, Chef alikifungua kijiti cha yakuti, akakizungushia pamba, akakitia katika kopo la poda ya mtoto. "Wakiiba mashini, haitawasaidia kitu. Wakiiba hii, siye tumekwisha." Nilikuwa nimeshaolewa, Zaina ananyonya. Nikafunga kopo kiunoni chini ya kitenge, mtoto mgongoni, tukaingia porini, tukakaa majuma mengi. Mchana wa joto, watu wamejilaza kimya wakisikiliza barabara, nililigusa kopo lile na kuiona tena nchi yangu ya kijivu, mashamba yake yametulia vile vile. Hofu ilinipungua kidogo. Tuliporudi tulikuta wamechukua viti, mlango na pazia, na mashini wameiacha. Nadhani haikufanana na kitu chochote anachoweza kununua mtu mwenye akili.

Miaka ikapita. Macho ya Chef yakachoka, akarudi kwao Kabambare kulima mpunga, akaniachia ufunguo, mashini na daftari. Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, juu ya chupa za maji, nikalazimika kuzichemsha upya.

Sasa nifike darajani, maana nusu yake mmeisikia sokoni, na nusu ya sokoni siyo hii.

Kwanza mumjue baba mkwe wangu. Baba Feruzi, baba wa mume wangu Amisi, alikuwa mfua chuma, ateliye yake, karakana, ilikuwa nyuma ya soko. Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Si chuki, ni haya. Akija njia hii, wewe unapinda. Akiingia ndani, unatoka. Mkiwa na neno, linapita kwa mama mkwe. Yeye naye anakuheshimu vile vile: hakuiti jina, hakutumi, hasimami penye chakula chako. Tulikuwa tumeishi ua mmoja miaka kumi na miwili, na sura yake niliijua kwa upande tu.

Na daraja lenyewe: ni lile la chuma kwenye njia ya Kabambare, kabla hujafika Lusangi. Kamyo moja iliyojaa saruji iliharibikia katikati yake na kulikalia siku mbili. Ilipotolewa, kamyo zote zikakatazwa. Zikapita moto, baiskeli na miguu. Upande wa pili chumvi ikawa adimu na mpunga wa watu ukaanza kuharibika ghalani. Vipande vya daraja lile vinashikwa na pini, vyuma vya mviringo vyenye unene wa mpini wa jembe. Mkubwa wa barabara akataka labo iseme kama pini ni nzima. Baba Feruzi akapewa kazi ya kuchomoa moja, kuweka ya akiba mahali pake, na kutuletea ile ya zamani.

Ililetwa na mama mkwe, Mama Sakina, juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cheupe. "Baba yenu ametuma," alisema. Nikafunua. Pini ilikuwa safi, hakuna grisi, hakuna kutu, imesuguliwa mpaka inapendeza. Moyo wangu ulijaa. Kwa miaka kumi na miwili hicho kilikuwa kitu cha kwanza baba mkwe kunitumia mimi, kwa kazi yangu.

Nikafungua daftari. Imetoka wapi: darajani. Nani ameitoa: Baba Feruzi. Imefanyiwa nini? Hapo kalamu ikasimama. Ningemwulizaje? Kumtuma Mama Sakina amwulize mumewe, fundi aliyeshika nyundo kabla mimi sijazaliwa, amefanya nini na chuma, ni sawa na kumwambia hajui kazi. Haya ilinishika. Nikaandika: imesafishwa.

Nikapima alfajiri mbili mfululizo, kwa maji baridi, bila haraka. Picha ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Chembe zilikuwa za mviringo, kubwa, tulivu, na sauti ilikimbia juu yake kama juu ya chuma kilichotoka kiwandani jana. Nilipaswa kuogopa. Chuma kilichobeba kamyo ya saruji siku mbili kitalalaje usingizi mtamu namna ile? Lakini nilikuwa tena katika nchi yangu ya kijivu, nikitembea, na sikutaka kuamshwa. Ijumaa nikaweka signature: pini ni nzima, kamyo zinaweza kupita. Ya kwanza ilipangwa Jumatatu, na Mama Sakina akapata nafasi juu ya magunia ya chumvi, aende Kabambare kumwona binti yake aliyejifungua.

Jumapili asubuhi nilikuwa namsaidia kufunga vitu vyake. Vitambaa vya mtoto, sabuni, mafuta ya mawese.

"Ile chuma ilikufika muzuri?" aliuliza, bila hata kuniangalia.

"Ilikuwa safi sana, mama. Umushukuru baba."

"Eh, alisumbuka nayo! Aliitia mu moto mpaka ikawa nyekundu nyekundu, kisha akaizika mu majivu ipoe polepole, siku nzima. Nikamwambia, muzee, ni chuma tu hiyo. Akasema haiwezi kufika mu mikono ya mukwe wake na uchafu ya barabara."

Kitambaa kiliniponyoka. Enyi vijana, hili mnalijua, lakini acha niliseme: moto unasahaulisha chuma. Kikishafika wekundu na kupoa taratibu, kila kilichokivuta na kila kilichokikandamiza kinafutika. Mimi sikuwa nimepima pini ya daraja. Nilikuwa nimepima heshima ya baba mkwe wangu. Na kesho yake watu wangepanda juu ya magunia, mama huyu akiwa kati yao, kwa sababu ya jina langu chini ya karatasi.

Sikupita kwa mtu. Nilitoka na kanga ya nyumbani, nikakatiza soko, nikaenda moja kwa moja ateliye. Baba Feruzi aliponiona mlangoni aligeuka akatazama mvukuto wake. Mafundi wake wawili wakaacha nyundo hewani.

"Baba," nikasema, "nakuja kuuliza juu ya pini."

Alisukuma makaa kwa koleo. Kisha, uso bado kwenye mvukuto:

"Ni nani anauliza? Ni bibi ya mutoto wangu, ao ni mutu wa labo?"

"Ni mutu wa labo, baba."

"Basi mutu wa labo aulize."

Nikauliza. Akajibu yote: alivyoichomoa, wapi iligoma, nyundo ngapi, moto wa makaa gani, majivu kiasi gani. Nikamweleza moto umefanya nini. Aliweka kiganja juu ya fuawe, akakiacha pale.

"Yaani niliua ushahidi."

"Ni mimi sikuuliza, baba."

"Tuende tuchomoe ingine," akasema. "Hiyo nitaileta na kinyesi chake chote."

Siku ile mjini hakukuwa na mafuta, na tulipata moto moja tu. Mkwe na baba mkwe juu ya moto moja, fikirieni! Dereva alikuna kichwa. Mwishowe gunia la vyuma, jeki na nyundo tukaliweka katikati yetu kama ukuta, mimi mbele, yeye nyuma, na kila shimo la barabara lile gunia lilinipiga mgongoni. Nadhani yeye lilimpiga tumboni. Hakuna aliyelalamika.

Alichomoa pini mchana ule ule, akanipa mkononi, si kupitia sinia. Ya akiba hakuitia mahali pake. "Ikikosa pini, hakuna kamyo itapita," alisema, akitazama maji. "Wende ukapime. Mimi niko hapa." Akaketi penye mdomo wa daraja juu ya jiwe, na pale nilimwacha.

Nilirudi mjini kabla ya magharibi, nikamwambia Mama Sakina asiende. Akauliza mumewe yuko wapi. Nikamwambia. "Basi nitapanda," akasema. "Nani atamupelekea chakula?" Mjadala ukaishia hapo.

Jumatatu alfajiri nilisugua pini ile kwa mkono, kwa maji baridi, bila moto wowote, nikaweka tone. Picha ikaanza kushuka, mstari kwa mstari. Chembe zilikuwa ndefu, zimevutwa upande mmoja, zimebanana. Mabonde kwenye skrini yalikuwa yamehama. Nikarudia mara tatu, maji mapya kila mara. Mara ya tatu ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama unywele wa mtoto, ukikata mashamba yote. Niliitazama nchi yangu ikiwa imepasuka, nikalia, na safari hii niliandika huku nalia.

Nilipofika darajani kwa moto, kamyo ilikuwa imesimama, watu wamejaa juu ya magunia, shoferi anapiga kelele. Mkubwa wa barabara alikuwepo na shati lake jeupe la kufungulia daraja. Baba Feruzi alikuwa juu ya jiwe lake anakula wali, Mama Sakina pembeni na sufuria.

"Rapore iko hapa!" shoferi alisema, akiitikisa karatasi yangu ya Ijumaa. "Na signature ya mama iko hapa! Muzee anatufungia njia na wali yake!"

"Signature ni ya kwangu," nikasema. "Na rapore si ya kweli."

Kelele iliyotoka juu ya magunia siwezi kuiandika mbele ya vijana. Mkubwa wa barabara akanisogelea. "Mama, Ijumaa chuma nzima, Jumatatu chuma mugonjwa? Nini ilifanyika na ile ya kwanza?"

"Ilipita mu moto."

"Nani aliipitisha?"

Baba Feruzi aliweka sahani chini, akaanza kuinuka. Nilimwona kwa pembe ya jicho, mzee wa watu, ambaye mji mzima ulinunua jembe kwake. Nikasema kabla hajasimama sawa.

"Kosa ni ya labo. Daftari inaagiza tuulize chuma imefanyiwa nini. Mimi sikuuliza. Andika vile."

Baba mkwe alibaki amesimama. Kisha akanyoosha mkono, bila kunitazama, nami nikaweka pini ndani yake. Akailaza juu ya mawe mawili, akachukua nyundo kubwa, akapiga mara moja. Ikakatika. Shoferi ndiye aliyeokota vipande. Ndani, karibu pote, palikuwa na kutu ya zamani, nyekundu, alama ya ufa wa siku nyingi. Ukingo mmoja tu, upana wa kidole, uling'aa, na huo ndio uliokuwa bado unashika. Aliugeuza mara mbili tatu, akainua macho kwa watu waliokuwa juu ya magunia yake. Kisha akaenda akazima injini.

Baba Feruzi akatia pini ya akiba, na watu wakavuka kwa miguu, Mama Sakina akiwa na beseni lake kichwani. Kamyo zilingoja zaidi ya miezi miwili mpaka pini zote zilipobadilishwa. Miezi hiyo miwili nilinunua nyanya kwa kutukanwa. Wapo ambao mpaka leo wananiita yule mama wa rapore mbili, na ni kweli, niliandika mbili.

Baada ya hapo haya ilirudi nyumbani kama kawaida, nikipinda njia na yeye akigeuka. Ila kila alipokuwa na chuma cha kupimwa hakukituma tena kwa sinia. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa labo, mgongo kwangu, uso kwenye uwanja wa shule, akataja: "Hii ilitoka kwenye kamyo. Ilianguka mara moja. Nimeishika miye na fundi wangu. Haijaona moto." Akaweka kipande kizingitini na kuondoka. Mimi niliandika yote, neno kwa neno.

La mwisho ninalotaka kuwaandikia halimo katika daftari. Mwaka ule Baba Feruzi alipolala kitandani, mwili umekwisha, chumba kilikuwa kimejaa watoto wake wakimwambia atapona, wiki ijayo atakuwa ateliye. Mama Sakina alinituma nimpelekee uji. Niliingia nimeinamisha kichwa, nikaweka bakuli, nikageuka kutoka. Baba mkwe akawaambia wote watoke nje. Kisha akaniita, na kwa mara ya kwanza maishani alinigeuzia uso mzima.

"Ni nani ameingia?" aliuliza. "Ni bibi ya mutoto wangu, ao ni mutu wa labo?"

Nilielewa anachotaka, na nilitamani kulia. "Ni mutu wa labo, baba."

"Hawa wote wananisafisha na moto. Weye niambie."

Nikaketi. Nikamwuliza maumivu yalianza lini, yalipita wapi, dawa gani alikunywa, alikula nini na nini kilikataa, hospitali walisema nini. Alijibu yote, polepole, bila kuruka kitu. Macho yake yalikuwa ya kahawia, sikuwa nimejua. Nilipomaliza kuuliza, nikamwambia alichoficha kila mtu: kwamba hospitali wamesema hakuna dawa iliyobaki, na sidhani atauona mwezi mwingine.

Aliitikia kwa kichwa kama fundi anayepokea kipimo. "Aksanti," akasema. "Basi yule binti yangu wa Kabambare aitwe, aje na yule mutoto."

Kisha akageukia ukuta, kwa sababu mtu wa labo alikuwa amemaliza kazi yake, na aliyebaki chumbani alikuwa mke wa mwanawe. Nikachukua bakuli, nikainamisha kichwa, nikatoka kumtafuta dereva wa moto wa kwenda Kabambare.